Majani Yakianguka, Kaboni Huenda Wapi?

Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Tulisimama chini ya mti mkubwa, mimi na mwenzangu ambaye kila tukikutana lazima tubishane, naye akanyosha kidole juu kwenye matawi.

"Wewe unahangaika bure," akasema. "Hewa ukaa ikizidi, miti inashiba. Ikishiba inatoa majani mengi. Majani yanaanguka, yanazikwa, kaboni inabaki ardhini. Mambo yanajipanga yenyewe."

Sikumjibu. Nilichuchumaa nikaanza kufukua majani kwa vidole.

La juu kabisa lilikuwa bado gumu, limejikunja pembeni. Yaliyofuata yalikuwa yamelowa na kugandana, na nilipoyabandua yalitoa harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Kati ya jani na jani zilipita nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele: kuvu iko kazini. Chini zaidi nikakuta jani ambalo nyama yake yote imekwisha, imebaki mishipa tu inayopitisha mwanga. Chini ya hilo hapakuwa na jani tena. Palikuwa na mboji nyeusi, na jongoo mdogo aliyejiviringisha kwa kusumbuliwa.

Safari yote hiyo, kutoka jani zima hadi mboji, haikuzidi urefu wa kidole changu.

Mti wenye umri ule umepukutisha majani kiasi gani tangu uote? Na kama kilichobaki chini yake ni kina cha kidole, mengine yote yalikwenda wapi?

Swali hilo lilikataa kuniachia kwa wiki kadhaa. Nimesoma nilichoweza kusoma, nimebadili mawazo njiani zaidi ya mara moja, na sasa nataka kuliweka mezani.

Hesabu ya chini ya miguu

Namba za hewani wengi wetu tunazo kichwani. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa imefika kama 315. Sasa imevuka 420.

Za ardhini hatuzitaji sana. Mita moja ya juu ya udongo wa dunia nzima ina takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, kuliko hewa na mimea yote ukivijumlisha. Na kila mwaka udongo unatoa hewani kaboni mara kadhaa ya ile tunayoitoa sisi kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi. Sehemu yake inatoka kwenye mizizi inayopumua. Sehemu nyingine inatoka kwa bakteria, kuvu na wadudu wanaokula kilichokufa.

Majani ya ule mti, basi, mengi yalirudi hewani. Jani linapooza, sehemu kubwa ya kaboni yake inageuka kuwa hewa ukaa ileile lililoivuta lilipokuwa bichi. Kinachobaki kuwa mboji ni kidogo.

Ndiyo maana kasi ya kuoza ina uzito mkubwa hivi. Mzunguko ukiwa mpana kiasi hicho, hata badiliko dogo la kasi linahamisha kaboni nyingi, ama ibaki chini muda mrefu zaidi ama irudi juu mapema zaidi. Na sisi tunaibadilisha hewa ambayo majani hayo yanaumbwa nayo.

Dhana yenye mantiki

Miaka ya 1980 wanasayansi waliweka mezani wazo ambalo, nikiri wazi, lilinivutia mara moja kwa jinsi lilivyokaa sawa.

Mmea ukipata hewa ukaa nyingi, usanisinuru unakwenda kasi. Sukari inaongezeka ndani ya jani. Wakati huohuo jani halihitaji tena kubeba kiasi kilekile cha kimeng'enya kinachokamata hewa ukaa, na kimeng'enya hicho kimejaa nitrojeni. Matokeo yake ni jani lenye kaboni nyingi na nitrojeni haba. Tathmini moja iliyochapishwa mwaka 1998, iliyokusanya majaribio mengi, ilikuta nitrojeni katika sehemu za mimea imeshuka kwa wastani wa asilimia 14.

Sasa mtazame anayekuja kulila jani hilo. Mwili wa bakteria una atomu kama 8 hivi za kaboni kwa kila moja ya nitrojeni. Jani lililoanguka mara nyingi lina 50 kwa moja, na mengine yanazidi hapo. Kaboni ya kuchoma anayo tele, lakini nitrojeni ya kujengea mwili wake haitoshi. Inambidi aitafute kwenye udongo ulio jirani, na akiikosa kazi inazorota. Juu ya hapo kuna lignini, ile dutu ngumu inayoupa mti uti wake, ambayo kuvu wachache tu ndio wenye uwezo wa kuivunja vizuri. Nayo ilionekana kupanda kidogo hewa ukaa inapoongezeka.

Jumlisha yote hayo: majani magumu zaidi, yenye lishe duni, yanayooza polepole. Kaboni inarundikana chini.

Nilipofika hapa nilianza kudhani mwenzangu ana hoja. Niliwahi hata kuandika ujumbe wa kumwambia hivyo. Sikuutuma.

Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Yale mengi niliyokuwa nimeyasoma yalihusu majani mabichi. Majani niliyoyafukua yalikuwa yamekufa.

Kabla ya kudondoka

Mti haulitupi jani likiwa na vyote vyake. Wiki kadhaa kabla ya jani kuanguka, mti unaanza kulibomoa kutoka ndani. Protini zinavunjwa, na nitrojeni na fosforasi vinarudishwa kwenye matawi vikangoje majani mapya. Rangi ya kijani inafifia kwa sababu hiyo. Kwa kawaida karibu nusu ya nitrojeni, na wakati mwingine zaidi, inaokolewa kabla kikonyo hakijaachia. Ni kama mtu anayehama nyumba: anabeba vyote vya thamani, anaacha kuta.

Hao viumbe wa chini wanaletewa kuta. Walikuwa wakiletewa kuta hata hewa ukaa ilipokuwa 280.

Hapa ndipo dhana ile nzuri ilipoanza kutetereka. Majaribio mengi ya mwanzo yalifanywa na miche iliyopandwa kwenye vyungu, ndani ya vyumba vya vioo, na mara nyingine majani yalichumwa mabichi kisha yakakaushwa ili yaozeshwe. Jani la namna hiyo halijapitia ule uokoaji wa mwisho. Lina tofauti za kikemia ambazo jani lililopukutika lenyewe halina, au linazo kwa kiasi kidogo.

Mwaka 2001 watafiti Richard Norby na wenzake, akiwemo Francesca Cotrufo, ambaye mwenyewe alikuwa ameshaona kuoza kukipungua katika majaribio yake ya awali, walikusanya matokeo ya majani yaliyokufa yenyewe. Nitrojeni ilikuwa pungufu kwa asilimia 7.1 tu. Lignini ilizidi kwa asilimia 6.5. Na walipotazama kasi ya kuoza kwenyewe, hawakuona mwelekeo mmoja unaojirudia. Mahali pengine ilipungua kidogo, pengine ikaongezeka kidogo, pengi haikubadilika.

Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Mtu aliyeona matokeo yake mwenyewe yakielekea upande mmoja, kisha akashiriki kuandika kwamba picha kubwa haiendi upande huo, anastahili heshima kubwa. Sayansi tunayoitegemea inasimama juu ya watu wa aina hiyo, na majina yao hatuyataji vya kutosha.

Mfuko wa wavu

Inafaa kuona namna jambo hili linavyopimwa, maana kipimo chenyewe kina la kusema.

Unachukua majani makavu, unayapima uzito, unayatia kwenye mfuko wa wavu, unaushona mdomo. Unaulaza juu ya udongo, unaubana kwa vijiti usipeperuke. Baada ya miezi unarudi, unautoa, unapangusa udongo na mizizi iliyopenya ndani, unakausha, unapima tena. Uzito uliopotea ndio uozo. Ni kazi ya mikono, mifuko kwa mamia, na imefanyika hivyo tangu miaka ya 1950.

Ukubwa wa matundu ya wavu unaamua nani ataingia. Matundu madogo sana yanaruhusu bakteria na kuvu peke yao. Matundu makubwa yanamruhusu jongoo, nyungunyungu na wale chawa-miti wenye miguu mingi wanaojificha chini ya magogo. Hawa wakubwa wanaweza kugeuza matokeo. Mnyama anayekula jani lenye lishe duni pengine atakula jingi zaidi ili afidie, na hapo jani lililotarajiwa kuchelewa linakwisha kwa wakati uleule. Au atasusa.

Kwenye vijito walisusa. Majani ya mti uliokuzwa kwenye hewa ukaa nyingi yalipowekwa majini, katika utafiti wa Nancy Tuchman na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, mabuu ya nzi wenye miguu mirefu waliyala kidogo na wakakua polepole mno kuliko waliolishwa majani ya hewa ya kawaida. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Sisi tunabishana kuhusu tani za kaboni, na kumbe mdudu wa kijitoni ameshapunguziwa chakula, na samaki anayemtegemea mdudu huyo yuko nyuma yake kwenye foleni.

Hewa ambayo udongo unaijua tayari

Kuna jambo jingine ambalo kwangu liligeuza mjadala mzima, na nashangaa halisemwi mara kwa mara.

Hewa iliyomo kwenye vitundu vya udongo haifanani na ya juu. Mizizi na vijidudu wanapumua humo usiku na mchana, na hewa ukaa inachelewa kutoka. Kiwango chake kinaweza kuwa mara 10, hata mara 50 na zaidi, ya kile kilichoko juu. Bakteria aliyezoea sehemu 5,000 au 10,000 katika milioni hataishtukia tofauti ya 280 na 420.

Hewa ukaa inayopanda haiwagusi waozeshaji moja kwa moja.

Inawafikia kupitia mmea. Inapitia umbo la jani, wingi wa majani, unyevu unaobaki udongoni, na kile ambacho mizizi inamwaga gizani. Anayeuliza kama hewa ukaa inachelewesha uozo anauliza, kwa kweli, kuhusu njia nne au tano zinazovutana kwa wakati mmoja.

Chukua maji. Hewa ukaa ikiwa nyingi, jani halina haja ya kufungua sana vitundu vyake vya kupumulia. Linapoteza maji kidogo. Kwenye nyanda za nyasi zenye ukame, hilo linaacha udongo na unyevu kwa siku nyingi zaidi, na penye unyevu vijidudu wanafanya kazi. Hapo majani yanaweza kuoza haraka zaidi ingawa lishe yake imeshuka. Ongeza joto, ambalo halitengani na hewa ukaa tunayoimwaga, na mizani inasogea tena upande huohuo mradi maji yapo.

Misitu iliyopulizwa

Jibu la uhakika lilihitaji miti mikubwa katika udongo wake, si miche ya vyungu. Kwa hiyo watu walijenga duara za minara na mabomba ndani ya misitu, wakapuliza hewa ukaa juu ya miti hai kwa miaka.

Msitu wa misonobari wa Duke, North Carolina, Marekani, ulipulizwa kuanzia mwaka 1996 kwa nyongeza ya sehemu 200 hivi katika milioni. Miti ilikua zaidi. Majani mengi zaidi yalianguka, na tabaka la juu la ardhi likanenepa. Kama ningeishia hapo, ningemwita mwenzangu nimpe mkono.

Lakini watafiti William Schlesinger na John Lichter walitazama kaboni hiyo inakaa muda gani. Mwaka 2001 waliandika kwamba kaboni ya tabaka lile la majani inadumu kama miaka 3 tu, na kwamba katika udongo wenyewe ulio chini yake hawakuona ongezeko la maana. Majani mengi yaliingia na mengi yakatoka. Rundo lilikuwa refu kidogo, lakini halikuwa ghala.

Oak Ridge, Tennessee, msitu mwingine wa Marekani uliopulizwa, hadithi ilikwenda vingine. Miti ilianza kwa nguvu, ukuaji ukiwa juu kwa asilimia 24 katika miaka ya 2001 hadi 2003. Kufikia 2008 ziada hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9. Nitrojeni iliyokuwa ikipatikana ilizidi kupungua. Mti ulipewa hewa, haukupewa udongo mpya.

Na Duke miti iliwezaje kuendelea miaka yote ile? Kwa mizizi. Ilipeleka sukari nyingi chini, ikailisha kuvu na bakteria walioizunguka, nao wakapata nguvu ya kuvunja mboji ya zamani na kufungua nitrojeni iliyofungiwa humo. Mti ukapata chakula chake. Kaboni ya zamani, iliyokuwa imetulia, ikaamshwa na kurudi hewani.

Nilipoelewa hili nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Muda wote nilikuwa nikiulizia kaboni mpya, ile ya majani ya mwaka huu. Kumbe mti unaotafuta lishe unaweza kuigharimu kaboni ya zamani, ambayo hakuna aliyeihesabu kwa sababu ilikuwa imekaa kimya.

Mwaka 2014 Kees Jan van Groenigen na wenzake walijumlisha majaribio mengi katika jarida la Science. Hewa ukaa ilipopandishwa, kaboni inayoingia udongoni iliongezeka kwa asilimia 19.8. Kasi ya kuoza kwa kaboni ya udongo nayo ikaongezeka kwa asilimia 16.5. Ile dhana ya miaka ya 1980 ilitarajia mwendo wa polepole, na picha ya jumla ikaja na mwendo wa haraka. Sehemu kubwa ya kile kilichoingia kwa mlango mmoja kilitokea kwa mwingine.

Kazi ya César Terrer na wenzake ya mwaka 2021, iliyotumia majaribio zaidi ya 100, ilinisaidia kuelewa kwa nini sehemu na sehemu zinatofautiana. Penye miti iliyonenepa sana kwa hewa ukaa, udongo ulielekea kutoongeza kaboni au kuipoteza. Penye mimea ambayo haikunenepa sana, udongo ulielekea kuiongeza. Nyanda za nyasi ziliongeza kaboni ya udongo kwa asilimia 8 hivi. Misitu, kwa wastani, haikuongeza kitu.

Hili nataka lisomwe taratibu na kila anayepiga hesabu ya kaboni kwa kupima unene wa shina. Mara nyingi tunaonyeshwa picha ya mche na takwimu ya tani utakazonyonya. Udongo haumo kwenye picha. Kwa maoni yangu hesabu hiyo haijakamilika, na haifai kutumiwa kumruhusu mtu yeyote aendelee kumwaga moshi kwa kisingizio kwamba msitu fulani utamfutia deni.

Fosforasi

Misitu niliyoitaja hadi sasa ni ya maeneo ya baridi kiasi, ambako kinachokosekana mara nyingi ni nitrojeni. Sehemu kubwa ya misitu ya tropiki imesimama juu ya udongo mkongwe uliooshwa na mvua kwa muda mrefu kupita kiasi, na kinachokosekana humo ni fosforasi. Nitrojeni ina chanzo hewani, kwa sababu wapo bakteria wanaoikamata. Fosforasi haina chanzo cha namna hiyo. Inatoka kwenye miamba, na miamba ile imekwisha kutoa.

Msitu wa mikaratusi ulio karibu na Sydney, Australia, umesimama juu ya udongo maskini wa fosforasi, nao ulianza kupulizwa mwaka 2012. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuwa wazi. Miti ilivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12 hivi, lakini haikunenepa. Kaboni ile ya ziada ilirudi hewani karibu yote, na takriban nusu yake ilipitia udongoni.

Katikati ya Amazon jambo hili lina uzito wa pekee. Jani likianguka pale, joto na unyevu vinalimaliza ndani ya miezi, na mizizi midogo inapanda juu hadi ndani ya tabaka la majani kuiwahi fosforasi kabla haijasombwa. Kuoza kwa jani ndiyo njia kuu ya msitu kujilisha. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba fosforasi ilipoongezwa kwenye udongo wa msitu wa eneo hilo, ukuaji ulipanda. Maana yake hewa ukaa peke yake, bila fosforasi, ina mpaka ambao mti hauwezi kuuvuka kwa kushiba hewa.

Karibu na Manaus, Brazili, wamejenga minara ya kupuliza hewa ukaa juu ya msitu wa aina hiyo, mkongwe na wenye mamia ya aina za miti. Natumaini mifuko ya wavu italazwa chini ya miti ile pia. Mimi ningeanza kusoma matokeo yao na jedwali la majani yaliyoanguka, uzito wa kwanza na uzito wa mwisho, halafu fosforasi iliyobaki ndani yake, ndipo nisome unene wa mashina. Mwenzangu nimeshamwambia hivyo kwa simu. Amesema yeye ataanza na mashina.